Gari Lililotumika

Leo naomba tukitazame kitenzi tulichokizoea mno hata hatukioni: kutumika. Mzizi wake ni tuma. Kutoka hapo tumepata mtume, mtumishi, utumishi na matumizi. Tumempata pia mtumwa, yule anayetumwa wala hana ruhusa ya kukataa. Sarufi hutueleza kwamba kiambishi -ik- huonyesha hali ya kutendeka: chumvi hutumika, kalamu hutumika mpaka ikaisha wino. Lakini huku kwetu Ruvuma, mzee akisema, "Nimetumika serikalini miaka thelathini," hana maana kwamba amechakazwa. Anasema amehudumu, na husema hivyo akiwa ameinua kichwa.

Kitenzi hiki kilinishika mkono mwaka 2019, nilipostaafu ualimu wa sekondari na kununua gari. Tangazo liliandika "gari lililotumika". Nilikuwa na miaka 60. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na karatasi yangu ya kustaafu ilinitaja kuwa mtumishi wa umma aliyemaliza utumishi wake. Nikazitazama karatasi mbili juu ya meza moja, ya gari na ya kwangu, nikaona kwamba kitenzi ni kile kile.

Fedha zilitoka katika kiinua mgongo. Nalo hilo ni neno la kustahiwa. Aliyeliunda alijua kwamba mtumishi huinama miaka mingi, juu ya jembe, juu ya mashine au juu ya madaftari ya wanafunzi, na kwamba siku ya mwisho anahitaji kitu cha kumwinua. Wenzangu wengi waliinuliwa na vyumba vya kupangisha, mashine ya kusaga au mibuni mipya ya kahawa. Mimi niliagiza Subaru Outback ya mwaka 2006, gari refu la familia lenye buti pana, la aina ambayo zamani tuliiita stesheni. Viti vyake ni vya ngozi, injini ni ya lita 2.5, na magurudumu yake yote manne husukuma. Hapo Mbinga watu walisema Mwalimu amelewa pensheni.

Karatasi za kodi zilinifundisha somo jingine la lugha. Gari lililotumika likiingia nchini hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Na likiwa limezeeka kama langu, huongezewa ushuru kwa sababu ya uchakavu. Kwa hiyo katika hesabu moja nililipia thamani iliyoongezeka na uchakavu uliozidi. Nilicheka peke yangu pale kwenye dirisha la benki. Ningependa kumwona mwanafunzi wa kidato cha nne akitunga sentensi moja yenye maneno hayo mawili bila kujipinga.

Nilipolichukua, gari lilikuwa bado linazungumza Kijapani. Kila asubuhi nilipowasha injini, sauti ya mwanamke mpole ilinitamkia sentensi moja, ndefu na ya adabu, nami nikawa naiitikia, "Marahaba," maana ilinielea kama salamu. Kijana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu aliitafuta maana yake kwa simu. Kumbe mama yule alikuwa akinikumbusha kwamba sijaweka kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Ramani ya kwenye kioo cha dashibodi nayo ilikuwa ya Japani, haina habari za Songea wala Mbinga. Redio ilikamata masafa ya kwao, ambayo huanzia 76 na zamani yaliishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi zilizo juu ya hapo hazikusikika. Sikuharakisha kuibadilisha. Kimya cha redio kimenipa nafasi ya kukariri tenzi barabarani, na nani atanizuia?

Jina la gari ndilo lililonipa kazi kubwa zaidi. Subaru ni neno la Kijapani, nalo ni jina la kile kikundi cha nyota ambacho sisi twakiita Kilimia. Nembo iliyo mbele ya gari ina nyota sita: moja kubwa na tano ndogo, kwa sababu kampuni iliyolitengeneza iliundwa mwaka 1953 kwa kuunganisha kampuni tano. Wajapani wanapokitazama kikundi hicho, neno lao hukumbusha mkusanyiko, vitu vilivyounganishwa pamoja. Waarabu wanakiita Thurayya, jina ambalo pwani yetu imewapa mabinti wengi. Sisi Wabantu tumeona jembe. Ki-lim-i-a: kile ambacho kwa hicho watu hulima. Wazulu na Waxhosa, mbali kabisa kusini, wanakiita isiLimela. Ni shina lile lile na shamba lile lile.

Wahenga walituachia kauli: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilikuwa nimeifundisha darasani miaka mingi kama fumbo la mabadiliko ya dunia. Sikuwa nimeiona. Aliyenionyesha ni bibi mmoja wa upande wa Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, mke wa mvuvi, ambaye nilianza kumtembelea nilipopata gari, daftari likiwa kwenye kiti cha pembeni. Jioni moja ya mwishoni mwa Aprili alinisimamisha mchangani na kunielekeza magharibi, upande wa Malawi. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na nyota zile zilikuwa zimebaki kidogo tu juu ya maji. "Zinaenda kulala na mvua," akasema. Kisha akanieleza kwamba Novemba, giza linapoingia, zitatokea nyuma yetu, juu ya milima, na hapo mwenye jembe bovu ajue amechelewa.

Tazameni jinsi jiografia inavyoifasiri methali. Pwani, Kilimia kinapozama masika huwa yamepamba moto, kwa hiyo kinazama kwa mvua. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Kwetu Kilimia huisindikiza mvua mpaka mlangoni. Kauli ni moja, anga ni moja, lakini kila shamba lina maana yake. Hilo sikulipata katika kitabu. Nililipata kwa sababu nilikuwa na chombo cha kunifikisha Liuli na kunirudisha.

Na kufika huko, wakati ule, hakukuwa jambo dogo. Mji wa Mbinga uko kwenye nyanda za juu za Wamatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 475 hivi. Kati yao kuna milima, na barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa sitini na kitu, huteremka kwa kona zinazofuatana kama vina. Mwaka nilioanza kuendesha, lami ilikuwa bado inajengwa. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu uligeuka sabuni. Malori yalilala njiani. Abiria walishuka na kusukuma, kisha wakapanda wakiwa na rangi ya barabara.

Hapo ndipo magurudumu manne yanapojieleza. Katika magari mengi madogo, nguvu ya injini huenda kwenye magurudumu mawili tu. Mawili mengine hufuata kama wageni. Gari langu huzigawa nguvu mbele na nyuma wakati wote, na gurudumu likiteleza, sehemu ya nguvu huhamia upande wenye kushika. Injini yenyewe imelala: pistoni mbili kushoto, mbili kulia, zikirushiana ngumi kama mabondia, na ndiyo maana huitwa boksa. Kwa kulala hivyo, uzito hukaa chini, na gari haliyumbi sana kwenye kona. Kampuni hiyo ilianza kuuza stesheni yenye magurudumu manne yanayosukuma mwaka 1972, gari lililoitwa Leone. Wakati ule magari ya namna hiyo yalikuwa zaidi ya shambani na ya jeshi. Wazo la kwamba mtu anaweza kupanda mlima wa tope akiwa amekaa kwenye kiti laini lilikuwa geni.

Wamatengo hawangelishangaa wazo la kuushika mlima pande zote. Mashamba yao ya ngoro yamefanya hivyo kwa vizazi. Wanaume hukata nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake huzifukia kwa udongo, na mteremko mzima hugeuka kuwa vishimo vilivyozungushiwa matuta. Maji ya mvua hukwama humo, udongo haukimbii, na nyasi zikioza huwa mbolea. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto walikuja Mbinga kuzichunguza ngoro hizo. Hivyo Wajapani walikuja kujifunza kwetu namna ya kuishi na mteremko kabla mimi sijanunua gari lao la kuupanda.

Fundi wangu wa Mbinga, kijana mwenye heshima anayeniita mama hata anaponidai, amenifundisha sheria moja inayonifurahisha: matairi yote manne lazima yalingane. Ukivaa tairi jipya moja na kuacha matatu yaliyokwisha, mzunguko wake utatofautiana na wenzake, na sehemu inayogawa nguvu katikati itapata joto na kuharibika. Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo ni tarbia." Hakunielewa. Nikamweleza kwamba shairi la mishororo minne ndivyo lilivyo: mshororo mmoja ukizidi mizani, masikio huchoka yote. Tangu siku hiyo, akipima matairi yangu, husema, "Mama, mizani imetimia," au, "Mama, mshororo wa nyuma kushoto umepungua." Sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyeelewa haraka hivyo.

Kuhusu gharama, sitawaficha. Mteremkoni lita moja hunifikisha kilometa kumi hivi. Kupanda kurudi Mbinga, saba nikibahatika. Ili kubadili plagi, fundi hulazimika kujipenyeza pembeni mwa injini kama daktari wa meno. Vipuri huagizwa Dar es Salaam. Shokapu za nyuma zilichoka mwaka wa pili, kwa mashimo na mizigo. Mwenye kutaka gari la kuweka akiba asinunue hili.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka wa kwanza, shemeji zangu, ndugu za marehemu mume wangu, waliitisha kikao. Walikuja kwa adabu, wakanywa chai, wakauliza hali. Kisha mkubwa wao akasema, "Shemeji, gari la aina hii halikai chini ya mwembe kama kuku anayetamia. Mpe kijana wetu alitie barabarani. Hili ni gari la ukoo." Alikuwa na maana ya mchomoko: kubeba abiria kati ya Mbinga na Mbamba Bay, watu wanne kiti cha nyuma na wawili mbele, mpaka gari life. Mapato yangegawanywa.

Nilikaa kimya kwa muda. Mjane anapojibu kikaoni, kila neno lake hupimwa mara mbili. Na nilikuwa nikifikiria neno kumiliki. Tumelipata kutoka Kiarabu, na ndugu zake ni milki na malkia. Ni neno lenye taji. Lakini tunapozungumza nyumbani hatulitumii. Tunasema, "Nina gari," yaani niko pamoja na gari. Ni kwa namna hiyo hiyo tunasema nina mgeni, nina homa, nina mtoto. Mgeni huondoka, homa hupoa, mtoto hukua akaenda kwake. Kiswahili hakitupi kiti cha enzi juu ya vitu. Kinatukalisha karibu navyo kwa muda. Hata hivyo, kuwa karibu na kitu si kukosa haki nacho. Anayesema "nina mtoto" hajasema kwamba mtoto ni wa yeyote anayemtaka.

Nikasema, "Shemeji zangu, nawaheshimu. Gari hili limeandikwa jina langu, kwa sababu limelipiwa na mgongo wangu. Halitakwenda mchomoko. Lakini mgonjwa akizidiwa usiku, msiulize ni la nani. Nigongeeni." Kikao kikaisha bila ugomvi, na bila furaha. Kijana aliyekuwa ameahidiwa usukani hakunisalimia kwa zaidi ya mwaka.

Nikaweka daftari dogo ndani ya dashibodi, na kanuni tatu ukurasa wa kwanza. Mgonjwa na maiti: bure. Harusi na kipaimara: mafuta ni ya mwenye shughuli. Biashara: hapana. Daftari hilo sasa limejaa, na nimeanza la pili. Nikilisoma naona historia ya kijiji kuliko niliyoiandika popote: nani alipelekwa, saa ngapi, barabara ilikuwaje.

Februari moja, saa nane usiku, mvua ikinyesha, mlango uligongwa. Alikuwa yule kijana. Mkewe alikuwa na uchungu tangu jioni na mtoto hatoki. Bodaboda zilikuwa zimekataa kwa sababu ya tope. Hatukusema lolote la zamani. Tulilaza kiti cha nyuma, mama mkwe akakaa naye, kijana akatembea mbele ya gari penye maji akipima kina kwa mti. Nilipanda ule mlima kwa gia ya kwanza, taratibu, nikisikia gurudumu moja likiteleza, kisha lingine likishika. Tulifika hospitali saa kumi na nusu. Mtoto alizaliwa kabla ya jua kutoka, na mama yake ni mzima. Siku ya tatu kijana alikuja kuliosha gari bila kuambiwa. Wala hakuleta tena habari za mchomoko, ingawa shemeji mkubwa bado huzitaja kila mwaka mpya, na mimi bado humwongezea chai.

Bibi wa Liuli naye yumo katika daftari, mara nyingi. Alipoanza kuugua nilimpandisha Mbinga, kwa binti yake, awe karibu na matibabu. Ilikuwa Julai, na baridi ya huku haina huruma kwa mtu wa ziwani. Viti vya gari langu vina waya wa kupasha joto. Nilidhani nimelipia anasa isiyo na kazi Afrika. Nilipowasha, alishtuka, akapapasa ngozi ya kiti, akauliza, "Mwalimu, nani alikaa hapa kabla yangu?" Tukacheka mpaka kona ya tatu. Njia nzima akanitajia majina ya pepo za ziwani na misimu ya usipa na mbasa, nami nikasimama mara nne kando ya barabara kuandika. Kurudi kwake ufukweni kulikuwa katika gari lile lile, viti vikiwa vimelazwa. Alikuwa mfupi, jeneza liliingia, na mlango wa nyuma ukafungwa vizuri. Ukurasa wake una neno moja tu: bure.

Baada ya safari hiyo nilitunga ubeti, nauweka hapa kwa kuwa ukumbi huu ni wa washairi:

Kilimia kikizama, jembe huenda darini,
Kikizuka twainama, kulima hadi jioni,
Nami gari likihema, kupandia Matengoni,
Nyota sita hunisema: tumika, u safarini.

Sasa barabara ya Mbamba Bay ni lami, na vijana huuliza magurudumu manne ya nini tena. Huwajibu kwamba wagonjwa wengi hawaishi kwenye lami. Lakini ukweli mwingine unakaribia. Nina miaka 66. Mchana naona vizuri. Usiku taa za malori zimeanza kunimwagia maziwa machoni. Mwanangu aliyeko Dodoma anashauri niliuze kabla halijashuka bei zaidi. Ni ushauri wa mtu mwenye akili, na nimemshukuru.

Sijaliuza. Jumamosi asubuhi namfundisha kuendesha mke wa yule kijana, mama wa mtoto wa Februari. Amepata leseni ya kujifunzia. Huwa naanza na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi niliyotumika: kwamba usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari, kwamba sheria huliita gari chombo cha moto na wavuvi wa Liuli huziita chombo mashua zao, kwamba breki ni za kuombwa mapema. Yeye husikiliza kwa uvumilivu, kisha huuliza ni lini tutakwenda mlimani. Wiki iliyopita alishusha gari mpaka ng'ambo ya kijito na kulipandisha tena kwenye tope, bila kuzima. Nimemwandikia jina lake katika daftari, kwenye ukurasa mpya, chini ya neno dereva.